Mashine iliyofaulu majaribio, kisha ikavisingizia vifurushi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mashine zenye kompyuta tumboni, zile zisizo na skrini wala kibodi lakini ndizo zinazoamua breki ishike lini, lifti isimame wapi na pampu ya dawa itoe matone mangapi. Mwandishi wenu kaeleza vizuri, na mchoro wa lifti umenifurahisha. Ila kuna sentensi moja iliyonifanya niliweke gazeti chini na kutafuta kalamu. Aliandika kwamba mashine ikishajaribiwa vya kutosha, hapo imethibitishwa. Hapana. Na kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliojifunza hilo kwa kuaibika mbele ya mteja, naomba nafasi nilieleze.

Kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kuandika programu za vidhibiti: kibao kidogo cha saketi ndani ya sanduku la chuma, waya zinaingia upande huu kutoka kwa vihisi, zinatoka upande ule kwenda kwenye mota. Wenye lugha ya vyuoni huiita mifumo pachikwa, na inapoungana na mambo halisi kama uzito, joto na mwendo, huitwa mifumo ya saiba-fizikia, jina lililoanza kutumika Marekani mwaka 2006. Sisi tuliita sanduku.

Sanduku ninalotaka kulisimulia lilikaa kwenye mashine ya kupima vifurushi. Mkanda unatembea, kila kifurushi kimekaa kwenye chumba chake, na kila baada ya milisekunde 400 chumba kimoja kinapita juu ya mizani. Wakati huohuo kamera inapiga picha moja na kusoma alama ya kifurushi. Mizani yenyewe inatoa sampuli (vipimo vya uzito vya papo hapo) 100 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 10. Kwa hiyo kwa kila picha kuna sampuli 40. Sehemu ya programu niliyoiita Mwunganishaji ilikuwa ikingoja picha moja na sampuli 40, inatupa 10 za mwanzo na 10 za mwisho kwa sababu ya mtikisiko, inachukua wastani wa zile 20 za katikati, kisha inasema: kifurushi chenye alama hii kina uzito huu. Kikiwa pungufu, mkono wa chuma unakisukuma nje ya mkanda.

Tuliijaribu kwa saa 4 mfululizo, kwa vifurushi tulivyovipima wenyewe kimoja kimoja. Haikukosea hata kimoja. Tukatia saini, tukafunga vifaa, tukaondoka.

Malalamiko yalikuja baada ya miezi kadhaa, nayo yalikuwa ya ajabu: mashine inasukuma vifurushi vizuri na kuviacha vibovu. Si kila siku. Mafundi walibadilisha mizani, ikapona. Wiki haikuisha, ikarudia. Wakabadilisha tena, ikapona tena. Walipofika mizani ya tatu nikaitwa mimi, na mwenye mashine alinipokea kwa sauti ya mtu aliyechoka na watu wa aina yangu.

Nilichukua vifurushi viwili, kimoja kimejaa na kingine kitupu, nikaviweka vikifuatana, kitupu mbele. Mashine ilikuwa imewashwa muda si mrefu. Kitupu kikasukumwa nje, kilichojaa kikapita. Nikarudia mara hamsini, sawa kila mara. Nikalala. Niliporudi mashine ilikuwa imetembea saa 17 bila kuzimwa. Nikaviweka vilevile. Kitupu kikapita taratibu hadi mwisho wa mkanda, na mkono ukatoka ukamsukuma mwenzake aliyejaa. Nikarudia. Vilevile. Kama askari anayemwacha mwizi akamkamata anayetembea nyuma yake. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba tarakimu kwenye kumbukumbu zilikuwa safi kabisa: kila uzito ulikuwa sahihi, kwa gramu. Ila haukuwa wa kifurushi kile. Ulikuwa wa jirani yake wa mbele.

Usiku ule sikufungua kompyuta. Nilichukua karatasi nikachora miduara na mishale, na hapa ndipo ninapotaka mwandishi wenu anisikilize.

Kuna namna ya kuchora programu inayoitwa modeli ya mtiririko wa data. Kila kazi ni mduara. Kila mshale kati ya miduara ni foleni. Kinachotembea kwenye foleni ni tokeni: sampuli, picha, amri, chochote. Mduara hauamshwi na mtu. Unaamka wenyewe pale tokeni unazozihitaji zimeshafika mlangoni, unazila, unatoa nyingine, unalala. Basi. Mwaka 1966 watafiti Karp na Miller walikwisha kuchora kitu cha jamii hii. Mwaka 1974, kwenye kongamano la kompyuta mjini Stockholm, Mfaransa Gilles Kahn alionyesha jambo zito: ikiwa kila mduara unasoma kwa kungoja, yaani hauruhusiwi kuchungulia foleni kuona kama iko tupu kisha ukaamua kufanya jingine, basi kitakachopita kwenye kila mshale kitakuwa kilekile, kwa mpangilio uleule, hata prosesa moja, yaani chipu inayoendesha programu, ikienda mbio na nyingine ikijikokota.

Halafu mwaka 1987 Edward Lee na David Messerschmitt wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaongeza sharti dogo: andika kwenye kila ncha ya mshale idadi ya tokeni zinazotolewa na zinazoliwa kila mara, na idadi hiyo isibadilike. Sharti hilo linaonekana kama kujifunga kamba, lakini hesabu yake ni ya shule ya msingi. Mduara A ukitoa tokeni 2 kila unapoamka, na B ukila 3, lazima A uamke mara 3 kwa kila mara 2 za B. Hapo foleni inarudi ilipoanza na kumbukumbu ya mashine haijai kamwe. Wale wanaogeuza sauti ya diski ya 44.1 kilohezi kuwa ya 48 kilohezi wanaijua vizuri hesabu hii, maana kwao uwiano unatoka 147 kwa 160. Na ikiwa mchoro una njia mbili zinazotaka uwiano tofauti kwa miduara ileile, milinganyo haina jibu, na unajua hapohapo, kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, kwamba kuna foleni itakayofurika au mduara utakaokufa njaa.

Nilipochora ya kwangu ilikuwa miduara mitatu tu. Mizani inatoa 1, Mwunganishaji anakula 40. Kamera inatoa 1, Mwunganishaji anakula 1. Jibu: mizani 40, kamera 1, Mwunganishaji 1. Mlinganyo umekubali! Nikakaa nikiitazama karatasi kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa huku homa inapanda.

Ilinichukua hadi karibu alfajiri. Mlinganyo ulisema mizani *lazima* iamke mara 40 kwa kila mara moja ya kamera. Haukusema kwamba *itaamka* hivyo. Nani aliyekuwa akiiamsha mizani? Kioo chake cha kwatsi, kile kijiwe kinachotetemeka na kutoa mapigo ya saa, ndani ya sanduku lake. Nani aliyekuwa akiiamsha kamera? Kioo chake. Saa mbili, kila moja na maisha yake, na mimi nimeandika 40 katikati yao kana kwamba wameapishwa.

Vioo vya kwatsi havilingani kamwe. Nilipokwenda kupima, mizani ilikuwa inakwenda haraka kuliko kamera kwa sehemu 5 katika milioni. Hapo hakuna mtu angelalamikia kifaa, huo ni usahihi wa kujivunia. Lakini piga hesabu nami. Sehemu 5 katika milioni kwa sampuli 100 za sekunde ni sampuli moja ya ziada kila sekunde 2,000. Mwunganishaji anachukua 40 tu, za zamani kwanza, ile ya ziada inabaki kwenye foleni. Baada ya nusu saa na ushei, kila uzito umechelewa kwa sampuli 1. Baada ya sekunde 20,000, sawa na saa tano na nusu, umechelewa kwa 10, na ile akiba niliyoiacha kwa ajili ya mtikisiko imekwisha. Kuanzia hapo uzito wa kifurushi cha mbele unaanza kuchanganyika na wa kile cha nyuma. Baada ya sekunde 60,000, yaani saa 16 na dakika 40, sampuli zote 20 za katikati ni za jirani.

Jaribio letu lilikuwa la saa 4.

Sasa tazameni mambo mengine yalivyokaa sawa. Zamani wafanyakazi wa pale walikuwa wakiizima mashine kila mapumziko, na kuizima kunaisafisha foleni. Walipopata zamu za kutosha wakaacha kuizima. Mafundi walipobadilisha mizani, bila shaka walikata umeme kwanza, na mashine ikapona kwa sababu ya umeme huo, si kwa sababu ya mizani mpya. Mizani mbili nzima kabisa zilitupwa. Na mimi mwenyewe, kwa kujiona mwangalifu, nilikuwa nimeipa foleni nafasi 1,024, nikaweka king'ora kilie ikijaa. Ingejaa baada ya siku zaidi ya 22. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Foleni yangu kubwa ndiyo iliyoficha maradhi.

Nataka nimtendee haki Kahn hapa, maana kijana mmoja niliyemsimulia alisema, basi nadharia yake haifai. Inafaa. Mwunganishaji wangu alifuata sheria yake neno kwa neno: picha ya 1 na sampuli 1 hadi 40, picha ya 2 na 41 hadi 80, daima. Programu haikukosea hata mara moja. Kahn aliahidi mpangilio. Hakuahidi saa. Mimi ndiye niliyechukua namba ya tokeni nikaiona kama wakati, na kwenye mashine inayogusa dunia ya kweli hivyo ni vitu viwili. Kifurushi hakihesabu tokeni. Kinapita tu.

Dawa ilitoka kwenye mchoro uleule. Katika modeli hizi, ukitaka kusema foleni ina nafasi chache, unachora mshale wa pili wa kurudi nyuma wenye tokeni za kuanzia, kila moja ikiwa ni nafasi moja iliyo wazi. Mtoaji hatoi mpaka apate nafasi. Nikauchora mshale huo kutoka kwa Mwunganishaji kwenda kwenye mizani, nikaona upuuzi wangu umesimama mbele yangu: mizani yenye saa yake haiwezi kungoja nafasi. Kifaa kinachoendeshwa na wakati hakiambiwi subiri. Kwa hiyo ama nikubali kutupa sampuli, ama saa iwe moja. Nikachora mduara wa nne, Saa, unaotoa tokeni 1 kwa kamera na kuifanya mizani itoe 40. Katika chuma ulikuwa waya mmoja: mdundo wa kamera ukaingia kwenye sanduku, na kila mdundo ukaanzisha sampuli 40 zinazopishana kwa milisekunde 9 badala ya 10, ili zimalizike kabla mdundo unaofuata haujafika. Foleni ya sampuli ikashuka kutoka nafasi 1,024 hadi 80, ya picha ikawa nafasi 2. Tukaitoa milinganyo kwenye karatasi, nikamwonyesha mwenye mashine. Hakuielewa, lakini aliuelewa waya.

Kuna lugha za programu ambazo zingenikatalia tangu mwanzo. Lustre, iliyozaliwa Grenoble, Ufaransa, miaka ya 1980, inaupa kila mtiririko saa yake, na kompaila, yaani programu inayotafsiri lugha hiyo kwa mashine, inagoma kujumlisha mitiririko miwili yenye saa tofauti mpaka useme wazi unavyoipatanisha. Si mchezo wa darasani: SCADE, zana ya kuandikia programu iliyotokana na Lustre, imetumika kuandika programu za kuongoza ndege ya Airbus A380. Nilikuwa nimesikia habari hizo miaka mingi kabla ya mashine ya vifurushi. Niliziona ni za watu wa ndege. Ujinga.

Mwandishi wenu pia alisifu njia ya nyuzi, yaani kuipa kila kazi uzi wake wa programu na kuziacha zishirikiane kumbukumbu moja kwa kufuli. Alisema ndiyo njia ya kawaida, na hajakosea, ni ya kawaida kama mafua. Watu wa Berkeley, walewale wa mtiririko wa data, walikuwa na programu yao iitwayo Ptolemy. Mwaka 2000 waliandika kiini chake kwa nyuzi na kufuli, kwa uangalifu wa kupigiwa mfano: wenzao walikagua msimbo, kila usiku ulijengwa na kujaribiwa upya, na majaribio yaligusa kila mstari. Ukafanya kazi bila tatizo mpaka tarehe 26 Aprili 2004, ukakwama. Uzi huu unangoja kufuli iliyoshikwa na ule, na ule unangoja ya huu. Lee mwenyewe ndiye aliyelisimulia, bila kujificha. Miaka minne ya watu kuutumia haikulifichua kosa hilo. Kwenye mchoro wa mtiririko wenye idadi zisizobadilika, mkwamo wa namna hiyo unautafuta kwa kalamu: fuata kila duara, yaani njia ya mishale inayorudi ilipoanzia, uone kama lina tokeni za kuanzia za kutosha. Ukiweza kuendesha mchoro mzunguko mmoja kamili bila kukwama na foleni zikarudi zilipoanza, hautakwama milele, kwa sababu kila mzunguko ni nakala ya uliotangulia.

Jambo jingine ambalo majaribio yanadanganya ni kasi. Watu wengi, hata wahandisi, huamini kwamba mashine ikifaulu kwenye prosesa ya polepole itafaulu zaidi kwenye ya haraka. Mwanahisabati Ronald Graham alilivunja wazo hilo mwaka 1966. Mfano wake maarufu una kazi 9 zinazotegemeana, zinazogawiwa kwa prosesa 3 kwa orodha, kila prosesa ikiwa huru inachukua kazi ya kwanza iliyo tayari. Zinakwisha kwa vipimo 12 vya wakati. Punguza kila kazi kwa kipimo kimoja, zinakwisha kwa 13. Rudisha urefu wa mwanzo kisha ongeza prosesa ya nne: 15! Msaada umeongeza kazi. Ndiyo maana namwogopa mtu anayesema tulijaribu kwenye chipu ya zamani, hii mpya ni nzuri zaidi. Mtiririko wa data wenye mpangilio uliofungwa kwa kila prosesa hauna ugonjwa huu: tokeni ikifika mapema, hakuna kitakachochelewa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo unaruhusiwa kuhesabu kwa muda mrefu zaidi ambao kila mduara unaweza kuchukua, na ukweli hautakuwa mbaya kuliko hesabu yako. Ruhusa hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha kuthibitisha na kubahatisha.

Ila nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Modeli ina mipaka, na nimegonga kichwa kwenye baadhi yake.

Ule mkono wa chuma, kwa mfano. Uliongozwa na duara: kusoma ulipo, milisekunde 3; kukokotoa amri, 5; kuituma kwenye mota, 2. Jumla 10, na kwenye duara kulikuwa na tokeni moja ya kuanzia. Muda wa mzunguko mmoja wa duara ni jumla ya muda ikigawanywa kwa idadi ya tokeni, kwa hiyo mizunguko 100 kwa sekunde na si zaidi, hata ukinunua prosesa ngapi. Mwenzangu mmoja mwenye akili kunizidi akaona njia: weka tokeni ya pili, kazi zipishane kwenye prosesa tofauti, upate 200. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mkono ukaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Kwa nini? Kwa sababu sasa kila amri ilikokotolewa kabla athari ya amri iliyoitangulia haijaonekana. Mkono unaambiwa sogea, na kabla haujaripoti kwamba umesogea unaambiwa sogea tena, unapita mahali, unaambiwa rudi, unaambiwa rudi tena. Mchoro ulihesabu mizunguko. Haukujua chochote kuhusu uzito wa chuma. Tokeni kwenye duara la udhibiti ni ucheleweshaji, na ucheleweshaji una fizikia yake, na fizikia hiyo lazima ukae nayo meza moja na yule anayejua mota. Tulirudisha tokeni moja, tukaridhika na 100.

Pia sharti la idadi zisizobadilika linabana. Maisha yana "ikiwa": ikiwa picha haisomeki, fanya hivi. Kuna modeli zilizolegeza kamba kidogo, kama ile inayoruhusu idadi zizunguke kwa zamu inayojulikana, na bado zinahesabika. Ukilegeza zaidi, ukaruhusu tokeni zichague njia kwa thamani yake, unafika mahali alipofika mtafiti Joseph Buck wa Berkeley mwaka 1993: modeli ina nguvu ya kompyuta kamili, na swali la kama foleni zitabaki na mipaka halina tena njia ya jumla ya kulijibu. Kwa hiyo mimi nilijifunza kuutunza uhuru kama chumvi. Picha isiyosomeka bado inatoa tokeni, imeandikwa tu "sijui". Mishale haibadiliki, idadi haibadiliki, na uamuzi unakaa ndani ya mduara.

Na mchoro hauzuii kile usichouandika juu yake. Roketi ya Ariane 5 ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996, iliacha njia kama sekunde 37 baada ya kuanza kuwasha kwa sababu namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16 na haikutosha. Unaweza kuchora mtiririko mzuri wa roketi nzima, mishale yote imelingana, na usiuone msiba huo, kama huandiki kwenye mshale namba inayopita inaweza kufika ukubwa gani. Tangu niliposoma habari hiyo, kila mshale wangu una mambo matatu: tokeni ngapi, za aina gani na ukubwa gani wa mwisho, na inafuata saa ya nani. Hilo la tatu nimeliongeza mimi kwa wino mwekundu, mnajua sababu.

Sisemi majaribio yaachwe. Bila kile kifurushi kitupu na kilichojaa nisingejua hata kuna ugonjwa, na muda wa milisekunde 5 za mduara haupatikani kwa kuota, lazima upimwe au uchambuliwe kwenye chipu yenyewe. Ninachomwomba mwandishi wenu, siku nyingine akihojiana na watengenezaji wa lifti au pampu ya dawa na wakamwambia wameijaribu kwa saa elfu kadhaa, aulize swali moja zaidi: mnaweza kunionyesha mchoro? Na wakimwonyesha, aulize mshale huu unafuata saa ya nani. Asihitaji kujua zaidi ya hapo. Uso wa anayejibu utamtosha.

Mashine ya vifurushi, kama mngependa kujua, iliendelea kufanya kazi. Niliitwa tena mara moja. Fundi mgeni alikuwa akisafisha sanduku, akaona waya unaotoka kwenye kamera ambao haupo kwenye mchoro wa kiwandani, akadhani ni mabaki ya kazi ya mtu, akaukata. Sampuli zikakoma. Mwunganishaji akakaa akingoja, picha mbili zikajaza foleni yao, ya tatu ikakosa nafasi, na mkanda ukasimama kwa kelele kabla ya sekunde moja na nusu kuisha. Alinipigia simu akiomba radhi kwa kuiharibu. Nikamuuliza kama kuna kifurushi chochote kilichosukumwa kimakosa. Akaenda kuangalia, akarudi kwenye simu: hakuna.

Wenu,
Mhandisi mstaafu wa vidhibiti
(Jina langu na anwani mnavyo.)